Bima ya Lazima ya Vyombo vya Moto na Haki ya Jamaa Aliyeumia Ndani ya Gari ya Nyumbani

Barabara itokayo Mjini kwenda Paje hupita Tunguu, Jozani na Kitogani kabla ya kufika pwani ya mashariki. Hapo Paje hugawika, mkono mmoja ukielekea Bwejuu na Michamvi, na mkono wa pili ukielekea Jambiani na Makunduchi. Kila siku hupita juu yake gari za abiria, gari za watalii, vespa, baiskeli na gari za ng'ombe. Siku za Ijumaa na za mapumziko hupita pia gari za nyumbani zilizojaa jamaa wanaokwenda arusini, mazikoni, au kumtazama mgonjwa Makunduchi au Mnazi Mmoja. Abiria wa gari hizo hawalipi nauli. Wamepakiwa kwa mapenzi na kwa udugu.

Ichukuliwe mfano wa familia moja ya Paje. Baba anayo gari ndogo ya nyumbani, na bima yake ya mwaka imelipwa. Siku ya arusi anampakia mkewe, mama yake mzazi na watoto wawili kwenda Makunduchi. Njiani anakimbiza gari kuliko inavyofaa, anashindwa kuimudu kwenye kona, na gari inapinduka. Hapana gari nyengine iliyohusika. Watoto wanasalimika. Bibi anavunjika nyonga na mke anavunjika mkono wa kulia. Mke huyo ni mkulima wa mwani, na mkono wake ndio shamba lake.

Baada ya siku chache majirani wanasema: "Gari si ina bima? Basi bima italipa." Wengine wanasema: "Bima gani imlipe mtu kwa kosa la mumewe?" Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zina upungufu. Madhumuni ya somo hili ni kulieleza suala hilo kwa utaratibu, ili watumishi wa Serikali na wananchi wote waelewe bima ya lazima inamkinga nani, inamwacha nani, na jamaa aliyeumia afuate njia gani.

1. MAANA YA BIMA YA MTU WA TATU

Katika mkataba wa bima ya gari, mtu wa kwanza ni mwenye gari aliyekata bima, na mtu wa pili ni shirika au kampuni ya bima iliyopokea ada yake. Mtu wa tatu ni kila mtu mwengine anayeweza kudhurika kutokana na gari hiyo kutumika barabarani. Mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli, mtoto anayetoka skuli na mwenye gari nyengine, wote hao ni watu wa tatu.

Sheria haimlazimishi mwananchi kuikatia bima mali yake. Mtu akitaka gari yake iungue bila ya kulipwa, hilo ni shauri lake. Sheria inamlazimisha kukata bima kwa ajili ya madhara atakayowasababishia wengine, kwa sababu aliyegongwa hakuchagua kugongwa, na aghlabu aliyemgonga hana uwezo wa kumlipa. Hukumu ya mahkama dhidi ya dereva asiye na kitu ni karatasi tupu. Bima ya lazima imewekwa ili nyuma ya kila gari iliyomo barabarani awepo mlipaji.

Kwa sababu hiyo, bima ya lazima, ambayo wananchi wengi huiita bima ndogo, haiitengenezi gari ya mwenye bima, wala haimtibu dereva aliyesababisha ajali kwa kosa lake. Kinga yake ni ya wengine. Suala linalobaki ni iwapo mke, mama na mtoto waliomo ndani ya gari wanahesabiwa kuwa ni "wengine".

2. CHIMBUKO LA SHERIA NA PENGO LILILOACHWA

Sheria za bima ya lazima katika Afrika ya Mashariki zina asili ya Kiingereza. Uingereza ilifanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima kwa Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1930. Sheria hiyo iliwalinda watu waliomo njiani, lakini haikumlazimisha mwenye gari ya binafsi kuwakatia bima abiria wake mwenyewe. Abiria waliolindwa ni wale waliolipa nauli na wale waliopakiwa kwa mujibu wa mkataba wa kazi. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba anayepanda gari ya rafiki au ya jamaa bila ya malipo amekubali kuchukua hatari pamoja naye.

Mtindo huo ndio uliopita katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wa Kiingereza. Tanganyika ilipata sheria yake ya bima ya magari mwaka 1945, na hadi leo sheria hiyo inajulikana Tanzania Bara kuwa ni Sura ya 169. Kenya inayo Sura ya 405. Sheria zote mbili zinaweka wajibu wa bima kwa madhara ya kifo na maumivu ya mwili, kisha zinaondoa katika wajibu huo abiria waliomo ndani ya gari, wanaoipanda au wanaoteremka, isipokuwa gari hiyo iwe inachukua abiria kwa malipo au kwa mkataba wa kazi.

Uingereza yenyewe ililiziba pengo hilo baadaye. Sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Disemba 1972, ilimtaka kila mwenye gari kuwakatia bima abiria wake pia, wawe wamelipa au hawakulipa. Kwa hivyo mtoto aliyekuwa na umri wa kupanda gari wa mwaka wa kwanza wa sheria ya 1930 alikuwa mtu mzima wa makamo kabla ya nchi iliyotunga sheria hiyo kumpa kinga ndani ya gari ya baba yake.

Fundisho linalopatikana hapa ni kwamba neno "lazima" halina maana ya "kila mtu". Abiria wa gari ya nauli itokayo Mjini kwenda Paje yumo katika kundi ambalo sheria za aina hii zililikusudia tangu mwanzo. Jamaa aliyepakiwa bure katika gari ya nyumbani yuko mahali pa mashaka, na kinga yake hutegemea maneno yaliyoandikwa katika hati ya bima.

3. JE, UDUGU UNAONDOA HAKI YA KUDAI?

Masuala mawili huchanganywa katika jambo hili, na yafaa yatenganishwe. La kwanza ni iwapo jamaa ana haki ya kumdai jamaa yake aliyemdhuru kwa uzembe. La pili ni iwapo bima inalipa deni hilo.

Katika suala la kwanza, sheria ya kale ya Kiingereza ilikataza mume na mke kudaiana kwa madhara ya namna hii, kwa hoja kwamba wao ni mtu mmoja mbele ya sheria. Kanuni hiyo ilifutwa huko mwaka 1962. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka bayana kuwa mume na mke wanawajibika kwa madhara baina yao kama watu wasiooana. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar. Hata hivyo, hoja ya kuwa mume na mke ni mtu mmoja haina mizizi katika mila za visiwa hivi, ambako mafunzo ya Kiislamu yanamtambua mke kuwa na mali yake, deni lake na haki yake, mbali na za mumewe. Mwani alioulima mke ni wake. Na hasara ya kutoulima ni yake pia.

Katika suala la pili, nchi za Ulaya zinatoa mfano ulio wazi. Muongozo wa Jumuiya ya Ulaya wa tarehe 30 Disemba 1983 ulizikataza kampuni za bima kumnyima fidia ya maumivu ya mwili mtu yeyote kwa sababu tu kwamba yeye ni jamaa wa mwenye bima au wa dereva. Mwaka 1990 muongozo mwengine ulitaka abiria wote wakingwe, isipokuwa dereva. Tarehe 14 Septemba 2000 Mahkama ya Ulaya ilitoa uamuzi katika shauri lililotoka Ureno, la wazazi waliofiwa na mtoto wao aliyekuwa abiria katika gari iliyoendeshwa na baba. Mahkama ilieleza kuwa jamaa wa dereva anastahiki kinga ileile anayoipata abiria mwengine. Udugu haumpunguzii haki, wala haumpi zaidi ya wengine.

Muongozo huo haufungi mahkama za hapa. Faida yake ni kuonesha kwamba suala la mkulima wa mwani wa Paje limekwisha kuulizwa na watu wengi duniani, na kwamba jawabu la haki linajulikana: mfupa uliovunjika hauulizi nani alikuwa akiendesha.

4. BIMA NDOGO, BIMA KUBWA, NA KIFUNGU CHA ABIRIA

Huduma ya bima hapa Zanzibar ina historia yake. Shirika la Bima la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1969. Baada ya sheria ya mwaka 1996 kulifungua soko la bima nchini, kampuni binafsi ziliingia, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaiweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ambayo inayo afisi yake hapa Zanzibar. Kwa wale ambao nafsi zao hazitulii kwa bima ya kawaida, katika miaka ya karibuni zimeanzishwa pia huduma za takaful, ambazo msingi wake ni kuchangiana.

Pamoja na wingi huo wa huduma, wananchi wengi huingia afisi ya bima kwa haja moja tu, nayo ni kupata stika ili askari wa usalama barabarani asiwasimamishe. Hulipa, huipokea karatasi, huikunja na kuitia ndani ya gari bila ya kuisoma. Siku ya kuisoma huwa ni siku ya msiba.

Baadhi ya wananchi hudhani kuwa bima kubwa inajibu kila kitu. Bima kubwa huongeza kinga ya gari ya mwenye bima mwenyewe, kama kugongwa, kuungua au kuibiwa. Haina maana kwamba maumivu ya kila aliyemo ndani yanalipwa bila ya mpaka. Yapo mambo mawili tafauti yanayoweza kuandikwa katika hati, na mwananchi anapaswa kuyatafuta yote mawili.

La kwanza ni dhamana ya mwenye gari kwa abiria wake. Kifungu hiki kikiwemo, bima hulipa deni ambalo mwenye gari au dereva anadaiwa na abiria kwa uzembe wake. La pili ni bima ya ajali kwa watu waliomo ndani ya gari. Hii hulipa kiasi maalumu kilichokubaliwa, kwa kifo au kwa kiungo kilichopotea, bila ya kutazama kosa la nani. Hii ya pili ndiyo inayoweza kumfaa hata dereva mwenyewe.

Kabla ya kulipa ada, mwenye gari aulize masuala haya na apatiwe majawabu kwa maandishi:

(a) Je, hati hii inawakinga abiria waliopakiwa bila ya malipo?
(b) Je, mke, mume, wazazi, watoto na watu wanaokaa nyumba moja na mwenye bima wametolewa katika kinga hiyo?
(c) Kiwango cha juu cha malipo ni kiasi gani kwa mtu mmoja, na ni kiasi gani kwa ajali moja?
(d) Ni watu gani wanaoruhusiwa kuendesha?
(e) Gari imeandikwa kwa matumizi gani: ya binafsi, ya kukodisha au ya abiria?
(f) Ni ada gani itaongezeka iwapo kifungu cha abiria hakimo na mwenye gari anakitaka?

Suala la (c) lisidharauliwe. Sheria huweza kuweka mpaka, kama Kenya ilivyoweka mpaka wa shilingi milioni 3 za nchi hiyo katika madai ya bima ya lazima. Hukumu ikizidi mpaka, kilichozidi humrudia mwenye gari mwenyewe.

5. PANAPOHITAJIKA KOSA LA DEREVA

Bima ya mtu wa tatu hulipa pale tu mwenye bima anapowajibika kisheria. Wajibu huo hutokana na uzembe, kama kwenda mbio, kulipita gari jengine pasipoonekana mbele, kuendesha kwa usingizi, au kuitoa gari nje hali breki zake zinajulikana kuwa mbovu.

Katika ajali nyingi watu husema kwamba ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na shauri hufungwa. Kuamini kadari hakuondoi wajibu wa aliyezembea. Katika fiqhi yenyewe, aliyeua kwa bahati mbaya bila ya kukusudia hahesabiwi kuwa ni muuaji, na hata hivyo diya imewekwa kwa ajili ya watu wa marehemu. Zaidi ya hayo, diya hiyo haikuachwa juu ya mgongo wa mtu mmoja. Huchangwa na aqila, yaani watu wa ukoo wake, ili mtu mmoja asiangamizwe kwa kosa la saa moja na waliofiwa wasikose. Msomaji ataona kwamba fikra ya watu wengi kuubeba mzigo wa mtu mmoja si ngeni, hata kama wanavyuoni wametafautiana kuhusu mikataba ya bima ya kisasa.

Iwapo ajali imesababishwa na dereva wa gari nyengine, jambo huwa jepesi zaidi kwa familia. Waliomo ndani ya gari ya nyumbani ni watu wa tatu kwa bima ya yule mwengine, na udugu wao na dereva wao hauhusiki. Kwa sababu hii nambari ya gari nyengine na jina la kampuni yake ya bima ni vitu vya kuandikwa palepale, kabla ya gari kuondoshwa.

6. KUDAI BIMA SI KUMFITINI NDUGU

Sababu kubwa inayowafanya jamaa waliojeruhiwa wakose haki zao ni haya. Mama hataki jina la mwanawe lisomwe mahkamani. Mke anaogopa kuambiwa kuwa amemshitaki mumewe kwa tamaa ya pesa. Basi wazee hukutana, sulhu hupatikana, na hati huandikwa na kutiwa vidole, yenye maneno kwamba aliyeumia "amesamehe yote na hana madai yoyote juu ya ajali hii".

Sulhu ni jambo jema, na visiwa hivi vimeishi kwayo. Lakini hati hiyo inaweza kuwa na athari ambayo hakuna aliyeikusudia. Bima hulipa deni la mwenye bima. Aliyeumia akilifuta deni hilo kwa saini yake, shirika la bima linaweza kusema kwamba halina tena la kulipa. Mume husalimika na fedheha, shirika husalimika na malipo, na anayebaki na mkono usionyanyuka ni yule aliyesamehe.

Njia iliyo sawa ni kuyatenga mambo mawili. Moyo usamehe, na wazee wasuluhishe. Hati yoyote inayohusu fidia isitiwe saini mpaka shirika la bima lipewe taarifa na mtu anayejua sheria aisome. Mume au mtoto aliyekuwa akiendesha naye aelewe kwamba kukiri kweli mbele ya polisi na kuwapeleka jamaa zake kwenye afisi ya bima hakumvunjii heshima. Ada aliyolipa kila mwaka ilikuwa ni kwa ajili ya siku hiyo.

Masheha na wazee wa mitaa wanakumbushwa kulizingatia jambo hili wanapoombwa kushuhudia hati za sulhu za ajali.

7. HATUA ZA KUFUATA BAADA YA AJALI

Kwanza, majeruhi waokolewe. Aliyeumia nyonga, shingo au mgongo asivutwe ovyo wala asikunjwe ndani ya gari ndogo.

Pili, polisi wapewe taarifa, hata kama hapana gari nyengine iliyohusika na hata kama wote waliomo ni watu wa nyumba moja. Kila majeruhi achukuliwe fomu ya polisi nambari 3, maarufu kwa jina la PF3, ambayo daktari huandika humo hali ya maumivu. Ajali isiyoandikwa polisi, mbele ya bima ni kama haikutokea.

Tatu, mwenye gari alipe taarifa shirika la bima mapema, kwa maandishi, kwa muda uliowekwa katika hati. Majeruhi naye anaweza kupeleka taarifa yake mwenyewe bila ya kumngojea mwenye gari. Shauri likipelekwa mahkamani, shirika lijuilishwe tangu mwanzo, kwa sababu sheria za bima ya lazima hufunga wajibu wa shirika kulipa hukumu pamoja na kupewa taarifa ya shauri.

Nne, karatasi zihifadhiwe: taarifa ya polisi, ramani ya mahali pa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, vyeti vya hospitali, picha za mifupa, risiti za dawa na nauli za kwenda kutibiwa, na nakala ya hati ya bima.

Tano, ushahidi wa kipato uwekwe. Hapa ndipo wengi hupoteza. Mtumishi wa Serikali anayo hati ya mshahara. Mkulima wa mwani hana. Ukulima wa mwani umekuwapo Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, na kazi yake hufuata maji ya bamvu, ambayo huja mara mbili kwa mwezi. Mwanamke aliyevunjika mkono akikaa miezi mitatu amekosa bamvu sita. Hesabu ya kilo alizouza katika bamvu sita zilizotangulia, kwa risiti za mnunuzi au kwa daftari la kikundi chake, ni ushahidi unaofahamika na kila hakimu. Mvuvi, mshoni, mpishi wa hoteli na mchuuzi nao waweke daftari kwa namna hiyohiyo.

Sita, madai yasicheleweshwe. Sheria imeweka muda wa kufungua madai, na muda huo haumngoji anayesubiri mkono upone vizuri. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata ushauri kwa wasaidizi wa sheria walioko wilayani au katika Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992. Shirika likikataa au likichelewesha bila ya sababu, malalamiko yapelekwe TIRA. Sheria ya mwaka 2009 iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

8. FIDIA INAHESABIWA VIPI

Fidia ya maumivu ya mwili ina sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara iliyokwisha kutoka na inayohesabika, kama gharama za matibabu, nauli, mshahara wa msaidizi wa nyumbani na kipato kilichopotea. Sehemu hii hutakiwa kuthibitishwa kwa karatasi. Ya pili ni ile isiyo na risiti, yaani maumivu, kilema cha kudumu, na kupungua kwa uwezo wa kufanya kazi siku zijazo. Sehemu hii hukadiriwa na mahkama, au hukubaliwa kwa mazungumzo, kwa kutazama ripoti ya daktari.

Kazi ya nyumbani nayo ina thamani. Bibi aliyevunjika nyonga, ambaye alikuwa akilea wajukuu ili mama yao aende pwani, hakuwa na mshahara. Lakini akilala kitandani, lazima apatikane mtu wa kumtazama yeye na mtu wa kuwatazama watoto. Gharama hizo ziandikwe.

Abiria akifariki, wale aliokuwa akiwakimu wanaweza kudai kwa hasara ya kumkosa. Haki hiyo ya wategemezi na mirathi ya marehemu ni vitu viwili tafauti, na wahusika waombe ushauri kabla ya kugawana chochote kilicholipwa.

9. MAMBO YANAYOHARIBU HAKI

(a) Bima iliyokwisha muda wake, hata kwa siku moja.
(b) Stika ya kughushi. Usahihi wa bima uhakikiwe katika mfumo wa TIRA au kwa shirika lenyewe, hasa mtu anaponunua gari iliyotumika.
(c) Kumpa gari kijana asiye na leseni.
(d) Kuigeuza gari ya binafsi kuwa gari ya nauli siku za sikukuu. Gari iliyoandikiwa matumizi ya nyumbani ikichukua abiria wa malipo, shirika huwa na sababu ya kukataa.
(e) Kupakia watu kupita kiasi. Baadhi ya sheria, ikiwemo ya Kenya, haziliruhusu shirika la bima kumnyima mtu wa tatu kwa sababu ya idadi ya abiria. Hata hivyo shirika likilipa linaweza kumgeukia mwenye gari na kudai lirejeshewe.
(f) Kusema uongo. Wapo wanaoshauriana kusema kwamba jamaa alilipa nauli, au kwamba aliyekuwa akiendesha ni mwengine. Uongo huo ukigundulika, madai yote huanguka, na waliousema hukabiliwa na kosa la jinai.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa pia kwamba gari za Serikali ni za kazi. Mtumishi anayeipakia familia yake katika gari ya Serikali bila ya idhini anaiweka familia hiyo katika hali iliyo mbaya zaidi ya abiria wa gari ya nyumbani, maana huenda hawana hati ya bima ya kuitegemea na safari yenyewe haikuwa halali. Vilevile ieleweke kuwa gari ya ng'ombe na baiskeli si vyombo vya moto, na aliyedhuriwa navyo atamdai mwenyewe aliyemdhuru.

10. KURUDI KATIKA MFANO

Ile familia ya Paje sasa inaweza kujibiwa. Kosa lilikuwa la dereva, kwa hivyo mke na bibi wana haki ya fidia, na udugu wao hauifuti haki hiyo. Iwapo hati ya bima ya gari yao inawakinga abiria wasiolipa na haikuwatoa jamaa, shirika la bima ndilo litakalobeba. Iwapo hati ilikuwa ni ya kiwango cha chini cha sheria tu, upo uwezekano mkubwa kwamba deni limebaki juu ya baba mwenyewe, ambaye gari yake imeharibika, mkewe hawezi kwenda pwani na mama yake yuko kitandani. Watakula katika sahani moja, mdai na mdaiwa, na kitakachotoka mfuko mmoja kitaingia mfuko mwengine wa nyumba ileile.

Baina ya hali hizo mbili ipo tafauti ya kifungu kimoja katika karatasi, na pengine nyongeza ya ada ndogo iliyokataliwa kwa haraka ya kupata stika. Kila mwenye gari anaombwa kuitoa hati yake leo, kabla ya safari ya Ijumaa, na kuisoma pamoja na wale anaowapakia. Asiyefahamu lugha iliyoandikwa humo aipeleke kwa anayefahamu, au arudi kwenye afisi iliyomkatia na aulize masuala sita yaliyotajwa hapo juu. Tahadhari kabla ya athari.